Gari la Nani, na Usukani Kashika Nani? Namna ya Kuzielewa Nyimbo za Magari

Ndani ya matatu iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Nakuru, katika njia ambayo muziki wa kantri wa Kimarekani una wapenzi karibu sawa na benga, nilisikia ubishi ulionifanya niandike makala haya. Dereva alikuwa amechomeka flashi kwenye redio, na baada ya nyimbo mbili tatu ukaingia "Fast Car" kwa sauti nzito ya Luke Combs, mwanakantri wa Marekani. Kijana aliyeketi kiti cha mbele akasema huo ni wimbo wa mbio, kwamba ukiusikia tu mguu unataka kukanyaga mafuta. Mama aliyekuwa nyuma yake akamkatiza: "Kijana wangu, huo ni wa Tracy, yule dada wa gitaa. Huyu mzungu ameuiba." Mzee mmoja, ambaye kumbe muda wote alikuwa akiyafuata maneno ya Kiingereza mstari kwa mstari, akauliza kwa upole: "Na mbona mwanamume huyu anasema yeye ni msichana wa kaunta dukani?" Kijana alicheka, mama akanyamaza, na swali la mzee likabaki bila jibu mpaka tunafika Naivasha.

Wimbo unahusu nini, ni mali ya nani, na anayesema ndani yake ni nani: hayo ndiyo mambo matatu yanayowachanganya wasikilizaji wengi wa nyimbo za magari. Mkanganyiko huo umeongezeka tangu mwaka 2023, toleo la Combs lilipoanza kupigwa kila mahali. Kabla ya kumjibu mzee, inafaa tukubaliane juu ya maana. Ninaposema wimbo wa gari, nakusudia wimbo ambao ukiliondoa gari maneno yake hayasimami tena. Ndani ya wimbo kama huo gari huweza kuwa kitu cha kusifiwa, au njia ya mtu kutoka alipo na kwenda anakotamani, au fumbo la jambo jingine ambalo mwimbaji hataki kulitaja waziwazi. Mara nyingi kazi hizo huingiliana, na hapo ndipo msikilizaji hupotea. Mimi nina mtihani wangu mdogo unaonisaidia: nauliza gari ni la nani, kisha nauliza usukani kashika nani.

Tuanze na sifa, maana ndiyo sehemu nyepesi. Mwaka 1905, magari yalipokuwa bado kitu cha ajabu, Gus Edwards na Vincent Bryan walitunga "In My Merry Oldsmobile", wimbo wa kijana anayemtembeza mpenzi wake kwa gari la Oldsmobile, na kampuni iliyoliunda gari hilo ikaufanya wimbo huo kuwa wa matangazo yake kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1960 sifa hizo zilifika mahali ambapo mtu asiye fundi haelewi kinachosemwa. Kundi la The Beach Boys la California liliimba "409" mwaka 1962, na msikilizaji wa leo anaweza kudhani ni namba ya nyumba au ya basi, kumbe ni ukubwa wa injini ya Chevrolet kwa inchi za ujazo, ambao ni karibu lita 6.7. Kwa kulinganisha, Probox inayopanda milima yetu ikiwa imeshiba abiria na magunia ya viazi ina injini ya lita 1.3 au 1.5. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likatoa "Little Deuce Coupe", na "deuce", neno la mitaani lenye maana ya mbili, linataja Ford ya mwaka 1932. Vijana wa wakati ule waliyanunua magari hayo makuukuu kwa bei ndogo, wakayapunguza uzito, wakayatia injini zenye nguvu na kuyatia nakshi, kazi ambayo kijana yeyote wa Nairobi anayehangaika na nganya, yaani matatu iliyorembwa, ataitambua mara moja. Katika nyimbo hizi gari ni langu na usukani nimeshika mimi, wala hakuna cha kutafuta chini yake. Ni majigambo, sawa na mfugaji anavyomwimbia fahali wake.

Watu wengi huamini kwamba nyimbo za namna hii zililipiwa na viwanda vya magari. Chanzo kilichozizalisha kwa wingi hivyo, kwa maoni yangu, ni hali ya maisha kuliko hongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wengi walimudu kununua gari, na mwezi Juni 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyoidhinisha mtandao wa barabara kuu wenye urefu wa maili 41,000, yaani karibu kilomita 66,000. Redio ya gari nayo ilikuwa imeingia sokoni tangu 1930, pale kampuni ya Galvin ilipotoa ile iliyoitwa Motorola. Kwa hiyo kijana aliyepata gari alikuwa amepata pia mahali pa kusikilizia muziki mbali na masikio ya wazazi, na watunzi walijua hivyo. Huko Detroit, Berry Gordy alifanya kazi katika kiwanda cha magari ya Lincoln-Mercury kabla ya kuanzisha kampuni ya kurekodi muziki ya Motown mwaka 1959, na jina lenyewe la kampuni yake limetokana na lakabu ya Detroit, mji wa magari. Mafundi wake wa sauti walizoea kuujaribu wimbo kwenye spika ndogo inayofanana na ya redio ya gari, kwa sababu walijua kwamba wimbo ukisikika vizuri humo, umeshapata wanunuzi.

Lakini si kila Mmarekani aliyeliangalia gari kwa jicho la The Beach Boys. Katika majimbo ya Kusini, Mmarekani Mweusi aliyepanda basi aliketi pale sheria ilipomwelekeza. Sisi tumezoea kondakta anayepiga kelele "songa nyuma" ili apate nafasi ya nauli moja zaidi. "Songa nyuma" ya Alabama ilikuwa na polisi na mahakama nyuma yake. Wakazi Weusi wa Montgomery waliposusia mabasi kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955, watu walifika kazini kwa miguu na kwa magari binafsi yaliyopangwa kuwabeba kwa zamu. Aliyesafiri mbali na gari lake alihitaji kujua hoteli na vituo vipi vya mafuta vingemhudumia, na ndiyo sababu tangu 1936 palikuwapo kitabu cha mwongozo, kilichojulikana kwa jina la mchapishaji wake Victor Green, kilichoorodhesha mahali hapo. Mtu wa hali hiyo akiimba kwamba ana gari lake na anakwenda anakotaka, anasema jambo zito kuliko mwanafunzi wa California anayejisifia injini, hata kama maneno yao yanafanana.

Ndiyo maana nyimbo mbili za miaka hiyo zinastahili tukae nazo kidogo. Ya kwanza ni "Rocket 88", iliyorekodiwa Memphis mwezi Machi 1951 katika studio ya Sam Phillips, na inayolisifu Oldsmobile 88 lenye injini iliyoitwa Rocket. Kwenye sahani ya santuri jina ni la Jackie Brenston na The Delta Cats, ingawa kundi lenyewe lilikuwa la Ike Turner, na Brenston alikuwa mpiga saksafoni aliyeimba siku ile. Amplifaya ya gitaa iliharibika njiani, ikajazwa karatasi ili ifanye kazi, na mkwaruzo uliotokea ukapendwa kuliko sauti safi. Utasikia ikisemwa kwa uhakika mkubwa kwamba huu ndio wimbo wa kwanza wa rock and roll duniani. Dai hilo halithibitishiki, kwa sababu aina ya muziki haizaliwi siku moja, na wimbo huu wenyewe ulichota mengi kutoka "Cadillac Boogie" ya Jimmy Liggins ya mwaka 1947. Kumtafuta wa kwanza hapa ni sawa na kumtafuta mtu wa kwanza aliyepika pilau Mombasa.

Wa pili ni "Maybellene" wa mwanamuziki Mweusi Chuck Berry, wa mwaka 1955. Mwanamume mwenye Ford anamfukuzia mwanamke aliyemo ndani ya Cadillac, na Ford, gari la watu wa kawaida, inaikaribia ile ya kitajiri mpaka inaifikia. Ukiuweka kwenye ule mtihani wangu utaona mara moja kwamba mbio hizo ni za vyeo. Jambo la ajabu ni kwamba Berry aliujenga wimbo huo juu ya wimbo mkongwe wa kantri uitwao "Ida Red", hivyo mtu anayeshangaa leo kusikia wimbo wa mwanamke Mweusi ukiimbwa na mwanakantri mzungu ajue kwamba njia hiyo ina miaka mingi na inapitika pande zote mbili. Sahani ilipotoka, Berry alikuta ameandikiwa watunzi wenzake wawili, mmoja wao akiwa Alan Freed, mtangazaji mashuhuri wa redio. Freed hakutunga hata mstari mmoja, ila mtangazaji mwenye fungu katika mapato ya wimbo ana kila sababu ya kuupiga usiku kucha. Berry alirudishiwa haki zake zote mwaka 1986, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Kwa maneno mengine, alikuwa akiimba juu ya mtu aliyeshika usukani wa gari lake huku usukani wa wimbo wenyewe ukiwa mikononi mwa wengine.

Sasa tufike kwenye mafumbo, ambako msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa kuliko anavyodhani. Mtu aliyekulia kwenye taarabu, au anayesoma jina la khanga kabla ya kumzawadia wifi yake, anajua kwamba kinachotajwa na kinachokusudiwa ni vitu viwili. Mwaka 1936 huko San Antonio, Texas, mwimbaji wa blues Robert Johnson alirekodi "Terraplane Blues". Terraplane lilikuwa gari halisi, lililoundwa na kampuni ya Hudson. Katika wimbo, mwanamume amerudi kutoka safari na kulikuta gari lake halimwitikii, honi hailii, na shaka inamjia kwamba alipokuwa hayupo yuko mtu aliyekuwa akiliendesha. Sidhani kama kuna mwanamke wa Tanga au wa Lamu atakayehitaji kuelezwa gari hilo ni nani. Fumbo hilohilo lilirudi miaka arobaini na sita baadaye, Prince alipoimba "Little Red Corvette" katika albamu ya mwaka 1982, ambamo mwanamke analinganishwa na gari jekundu la mbio na mwanamume anaogopa kwamba mwendo huo utamshinda. Mashabiki wengi hudhani Prince alikuwa akisimulia juu ya Corvette aliyowahi kuimiliki. Wazo lilimjia alipokuwa akisinzia ndani ya gari la mwanamuziki mwenzake Lisa Coleman, na gari hilo lilikuwa Mercury.

The Beatles walilicheza fumbo hili kwa mzaha mwaka 1965. Katika "Drive My Car" mwanamke anayeota kuwa nyota anamwahidi mwanamume kazi ya udereva, mwanamume anajisogeza taratibu na kukubali, kisha mwanamke anakiri kwamba gari hana, ila dereva ameshampata. Hapo gari halipo na usukani una mtu.

Kejeli huwapoteza watu kuliko fumbo, kwa sababu kejeli huvaa nguo za sifa. Tarehe 1 Oktoba 1970 Janis Joplin aliingia studio akaimba "Mercedes Benz" bila chombo chochote cha muziki, kwa mtindo wa sala ya mtu anayemwomba Mungu amnunulie gari hilo kwa kuwa rafiki zake wote wana Porsche. Alifariki siku tatu baadaye akiwa na umri wa miaka 27, na wimbo ukatoka mwaka uliofuata. Watu waliousikia kwa sikio moja waliuchukua kama tangazo, na ukaja kutumiwa kweli katika matangazo ya magari hayohayo. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hana udhuru wa kukosea hapa. Baada ya uhuru, watu wetu walikwisha kuunda kabila zima kwa jina la gari hili, wabenzi, kuwataja wakubwa waliopanda Mercedes wakati wananchi wakisukumana stendi, na hakuna aliyelisikia neno hilo akadhani ni sifa. Joplin anamcheka mtu anayedhani thamani yake itaonekana atakapofanana na majirani. Kwamba yeye mwenyewe aliendesha Porsche, iliyopakwa michoro ya rangi zote, na ambayo mwaka 2015 ilipigwa mnada kwa dola milioni 1.76, kunaufanya wimbo upendeze zaidi, kwa sababu kicheko hicho kinamfika na yeye.

Ziko pia nyimbo zinazoingizwa kwenye fungu hili kwa bahati mbaya. "Drive" ya mwaka 1984 imeimbwa na kundi liitwalo The Cars, kwa hiyo kila mwenye kuandaa nyimbo za safari huiweka, ingawa ni wimbo wa kumhurumia mtu anayedhoofika na kuuliza ni nani atakayemrudisha nyumbani. Mnamo Julai 1985, katika tamasha la Live Aid, wimbo huo uliwekwa juu ya picha za njaa ya Ethiopia, na waliouona siku ile hawakuwaza gari hata kidogo. "Life Is a Highway" wa Mkanada Tom Cochrane, uliotoka 1991, hupigwa kama wimbo wa furaha wa barabarani, na wengi hawajui kwamba aliurudia na kuumaliza baada ya kuzuru Afrika Mashariki na familia yake pamoja na shirika la World Vision, ambako aliyaona mateso yaliyomlemea.

Turudi basi kwenye matatu. Tracy Chapman alitoa "Fast Car" mwaka 1988. Tarehe 11 Juni mwaka huohuo, kwenye tamasha la Wembley la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, Stevie Wonder alishindwa kupanda jukwaani kwa sababu diski ya kinanda chake ilikuwa imepotea, na Chapman, ambaye alikwisha kuimba mapema siku hiyo, akarudishwa peke yake na gitaa lake mbele ya umati ule mkubwa. Baada ya hapo wimbo ulipanda hadi nafasi ya sita katika chati kuu ya Marekani.

Unahusu nini? Tuutie kwenye mtihani. Gari ni la mwanamume, aina yake haitajwi, na kasi yake inasifiwa kwa sababu moja tu, kwamba inaweza kuwatoa hapo walipo. Anayesimulia ni binti aliyeacha shule ili amtunze baba mlevi baada ya mama kuondoka, mwenye akiba ndogo aliyoipata kwa kuuza dukani. Wanaondoka, wanafika mjini, yeye anapata kazi na kulipa kila kitu, na mwanamume anageuka kuwa baba mwingine, wa kukesha baa. Mwishoni binti anamwambia aamue, akibaki abaki na akiondoka aondoke na gari lake. Mafuta, kodi ya nyumba na mpango wa safari vyote vilikuwa vya binti; usukani tu ndio haukuwa wake. Kijana wa kiti cha mbele aliyesikia mbio alisikia sehemu ya kwanza ya kiitikio na kuishia hapo.

Na je, Combs ameuiba? Hapa panahitajika ufafanuzi wa haki za wimbo, na taarabu inatusaidia tena. Katika taarabu mara nyingi mshairi ni mmoja na mwimbaji ni mwingine, na mwimbaji akifariki, mwingine huweza kuchukua shairi lilelile na kulitia sauti yake. Sheria ya Marekani nayo hutenganisha vitu viwili: utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo, na rekodi, yaani uimbaji ule mmoja uliohifadhiwa. Wimbo ukishatolewa kwa umma, mtu yeyote anaruhusiwa kurekodi toleo lake, mradi amlipe mtunzi kiwango kilichowekwa na asiubadilishe sura yake ya msingi. Zaidi ya hayo, redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi wa wimbo, na mwimbaji wa rekodi hapati malipo ya kupigwa huko. Kwa kuwa Chapman alitunga peke yake, kila kituo kilichopiga toleo la Combs kilikuwa kikimlipa yeye. Toleo hilo lilifika nafasi ya pili katika chati kuu, na lilipoongoza ile ya redio za kantri mwaka 2023, Chapman akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuifikia nafasi hiyo kwa wimbo alioutunga peke yake. Novemba mwaka huohuo akapewa tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri, miaka 35 baada ya kuutoa, mtunzi Mweusi wa kwanza kuipata. Tarehe 4 Februari 2024 wawili hao waliuimba pamoja kwenye tuzo za Grammy. Kwa hiyo mama alikuwa na haki nusu: wimbo ni wa Tracy kweli, ila neno la wizi alirudishe.

Limebaki swali la mzee, ambalo ndilo lililokuwa bora kuliko yote ndani ya matatu ile. Waimbaji wengi wakichukua wimbo wa jinsia nyingine hubadilisha neno moja moja, "yeye" wa kike akawa wa kiume, ili isije ikaonekana vibaya. Combs, mwanamume wa ndevu nyingi kutoka North Carolina, hakubadilisha. Alipofika kwenye mstari wa kazi ya dukani, aliimba kwamba yeye ni msichana wa kaunta, kama Chapman alivyoandika, na redio za kantri zikaupiga hivyohivyo. Anayesimulia ni yule binti, mzee wangu, na mwimbaji amempa sauti tu.